FIDLA NA MSIMULIZI: JUU YA UZI NA NENO KATIKA AFRIKA MASHARIKI

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza uhusiano wa kale baina ya ala za nyuzi, hasa zile zipigwazo kwa upinde, na usimulizi wa mdomo katika Afrika Mashariki. Kilichotuchochea kuyaandika ni aina ya utungo wa muziki ambayo imezidi kupata nafasi katika kumbi za Ulaya na Marekani, yaani koncheto ya fidla inayobeba hadithi, na ambayo wapenzi wake huisifu kuwa ni jambo jipya. Hatuna nia ya kubishana na mtu juu ya upya wa kitu kilichozaliwa kwao. Tutajaribu kuonyesha kwamba swali linalowasumbua watungaji hao, la jinsi uzi na neno viwezavyo kusimulia kisa kimoja pasipo kimoja kuwa mtumishi wa chenziye, lilikwisha kujibiwa huku kwetu zamani na kwa njia zaidi ya moja. Na kwamba sisi wanafunzi wa fasihi ndio tulioyafuta majibu hayo kwa kalamu zetu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi katika mashindano ya masimulizi ya wanafunzi, katika nyanda hizi za juu zinazouzunguka mji wa Eldoret. Mashindano yenyewe sitayataja. Kijana mmoja Mbukusu alisimama na siilili, ile fidla ya uzi mmoja ya kwao, akasimulia kisa cha Mango, shujaa aliyemvizia joka pangoni akamkata kichwa. Alisimulia kwa Kiswahili kizuri, cha mtu aliyesoma akaelewa. Lakini alipofika mahali ambapo Mango amejibanza gizani akimngoja joka arudi, alinyamaza. Upinde ndio uliosema. Uzi ulitoa sauti ya chini, ikakatika. Ikarudi karibu zaidi, ikakatika tena. Na ukumbi mzima ukajua nyoka yuko wapi. Jambo hilo lilichukua labda nusu dakika. Kisha kijana akatamka neno moja tu, na kichwa cha nyoka kikaanguka.

Fomu niliyopewa ilikuwa na nafasi za matamshi, sauti, ishara na mtiririko wa hadithi. Hapakuwa na nafasi ya chombo. Katika nafasi ya mtiririko nilimpunguzia alama kwa sababu ya kusita. Mwamuzi mwenzangu alimpunguzia zaidi, akisema kwamba mambo ya fidla yana tamasha lake. Kijana akashika nafasi ya nne, akatushukuru kwa adabu, akakifunga chombo chake katika kitambaa.

Wakati ule niliona tumetenda haki, madhali tumeifuata fomu. Yanayofuata ni matokeo ya kuitilia shaka fomu ile.

Koncheto na hadithi

Yafaa tueleze kwanza maana ya koncheto, kwani neno hili halijazoeleka katika Kiswahili. Koncheto ni utungo mrefu wa okestra ambamo chombo kimoja hutengwa na vingine vyote, kikasimama mbele kama kiongozi. Mara hupatana na wenziwe, mara hushindana nao, mara huachwa peke yake kikisema kwa muda mrefu ilhali wengine wote wamenyamaza. Atakaye mfano wa karibu na amfikirie kiongozi wa ngoma na waitikiaji wake, ila tu kiongozi huyu hana mdomo. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyetupa neno runinga, pengine angetutafutia jina lenye mizizi yetu. Mimi sina kipawa hicho, na nitasema koncheto.

Katika mapokeo ya Ulaya wazo kwamba fidla yaweza kuwa msimulizi si la jana. Mwaka 1888 Mrusi Nikolai Rimsky-Korsakov alitunga mfululizo wa okestra juu ya zile hadithi ambazo wasomaji wa Kiswahili wamezijua tangu enzi za wazee wetu kwa jina la Alfu Lela Ulela. Utungo huo si koncheto hasa, lakini ndani yake mna fidla moja ambayo ndiyo Shehrazadi mwenyewe: kila ipandapo juu ya okestra, msikilizaji ajua kwamba yule bibi ameanza kisa kingine ili asiuawe asubuhi. Zaidi ya karne moja baadaye, mwezi Machi 2015, Mmarekani John Adams alitoa mjini New York utungo wake alioupa jina la Scheherazade.2, nao ulipigwa kwa mara ya kwanza na bibi Leila Josefowicz. Adams aliuita simfonia ya kitamthilia ya fidla na okestra, lakini waliousikia hawakukosea walipouona ni koncheto. Humo fidla ni mwanamke anayewakabili wanaume wenye kumhukumu, naye hatamki neno hata moja. Okestra humfokea, yeye hujibu kwa uzi.

Katika tungo zote mbili hadithi imo katika jina la utungo na katika akili ya msikilizaji. Asiyeambiwa kabla kwamba yule ni Shehrazadi hawezi kumtambua kwa sikio tu. Neno limeachwa mlangoni.

Jaribio la kuliingiza neno ndani lilifanywa mjini Lausanne, Uswisi, tarehe 28 Septemba 1918. Igor Stravinsky, aliyekuwa ugenini na mwenye dhiki ya fedha kwa sababu ya vita, alishirikiana na mwandishi C. F. Ramuz kutunga hadithi ya askari, iliyochotwa katika ngano za Kirusi. Wapigaji walikuwa saba tu, fidla ikiwa mbele yao, na pembeni alikaa msimulizi. Walikusudia kuzunguka nayo toka mji hadi mji kama kikundi cha sarakasi, lakini homa ya mafua iliyoenea ulimwenguni mwaka ule ikaizuia safari baada ya onyesho la kwanza. (Homa hiyo hiyo iliwakuta huku kwetu wapagazi wa vita, wale ambao jina la jeshi lao limebaki katika masoko na mitaa iitwayo Kariakoo. Wangeielewa vyema hadithi ya askari anayerudi nyumbani kwa miguu.)

Kisa chenyewe ni kifupi. Askari arudi kwao likizoni akiwa na fidla ya bei ndogo. Shetani amjia njiani katika sura ya mzee, amwomba ampe fidla hiyo, naye ampe kitabu badala yake: kitabu chenye kueleza mambo yatakayokuja na chenye kumtajirisha mwenye kukisoma. Askari akubali. Apata mali, na apoteza kila kitu kingine.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilipata kuuona utungo huu ukichezwa katika ukumbi mdogo. Niliushangaa kwa sababu mbili. Kwanza, katika kipande cha mwanzo msimulizi hutamka maneno yake juu ya mwendo wa mguu wa askari, kwa wizani, haimbi wala hasemi hivi hivi. Nami nilijiambia kwamba mtu huyu anaghani. Wenyeji waliokaa karibu nami hawakuwa na neno moja la kuliita jambo lile, Kiswahili kinalo. Pili, baada ya hapo, kila msimulizi aliposema kwa kirefu wapigaji walipumzisha vyombo, na kila walipopiga kwa nguvu yeye alinyamaza. Walikuwa majirani wema waliogawana uwanja kwa ua. Hakuna aliyeingia kwa mwenziwe.

Pango la Mango lilikuwa kitu kingine kabisa, ingawa sikulitambua hilo siku ile.

Tupa ndani ya mkate

Katika hadithi zetu za pwani hakuna inayoonyesha ndoa ya muziki na kisa kuliko ile ya Fumo Liyongo. Wasomaji wa jarida hili waijua, lakini naomba radhi nikumbushe sehemu moja tu. Liyongo amefungwa kwa amri ya sultani wa Pate, na auawe. Kijakazi Saada amletea chakula kutoka kwa mamake, na askari walinzi wamnyang'anya kila kilicho kizuri. Liyongo atunga wimbo, amwimbia kijakazi, na ndani ya wimbo mna ujumbe kwa mama: apike mkate wa wishwa, afiche tupa ndani yake. Walinzi wauona mkate wa wishwa, waudharau, waupitisha. Kisha Liyongo, alipoulizwa atakalo kabla ya kufa, aomba apigiwe gungu. Watu wakusanyika na vyombo vyote, pembe, matoazi, ngoma. Na wakati uwanja unarindima nje, yeye ndani akata minyororo kwa tupa.

Tutazame kazi ya muziki hapa. Wimbo wa kwanza ni barua. Gungu ni kifuniko cha sauti ya chuma. Ngoma ikinyamaza kabla ya mnyororo wa mwisho kukatika, walinzi wasikia tupa, na shujaa afa. Hadithi yakatika papo hapo. Kisa chenyewe kimejengwa juu ya muziki kama nyumba juu ya msingi, na msimulizi asiyeweza kuusikilizisha uwanja ule hadhira yake amesimulia nusu.

Sasa, utenzi wa kisa hiki tunaousoma madarasani ni ule uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu, wenye tarehe ya 1913. Kijumwa alikuwa mwandishi wa hati nzuri, mchongaji, na mwanamuziki. Watu walimjua kwa kinanda chake kama walivyomjua kwa kalamu yake. Mkono ule ule ulioziandika beti ulijua kuukaza uzi. Lakini wageni wasomi waliomwendea kama Alice Werner walihitaji kitu cha kubeba, na kitu cha kubebeka ni karatasi. Utenzi ukafika London. Mahadhi yalibaki Lamu, vidoleni mwa mwenye nayo.

Simlaumu Werner, sembuse Kijumwa. Bila wao tusingekuwa na kitu cha kusoma. Ila ninapoikumbuka hadithi ya yule askari na kitabu chake, siwezi kujizuia kuona kwamba biashara ile tuliifanya nasi, tena kwa hiari, tena tumeisomeshea vijana wetu kama ndiyo desturi. Hata ule mgogoro mkubwa wa ushairi, uliochukua nguvu za wataalamu wetu katika miaka ya 1970 na iliyofuata, uliendeshwa juu ya karatasi. Wanajadi, wakiwa na Sheria za Kutunga Mashairi za Amri Abedi (1954) mkononi, walishikilia kwamba shairi lisiloimbika si shairi. Wanamapinduzi walijibu kwa Kichomi cha Kezilahabi (1974) na kwa Kunga za Ushairi za Kahigi na Mulokozi (1979). Walihesabu mizani, walipima vina. Katika mabishano yote hayo niliyoyasoma, ni mara chache mno nilipomkuta mtu aliyeuliza: linaimbika kwa mahadhi yapi, na nani anapiga?

Waliosikiliza

Haikuwa hivyo kila mahali. Mwaka 1956, katika misitu ya mashariki ya Kongo, Daniel Biebuyck aliandika utendi wa Mwindo kutoka kinywani mwa Mnyanga Shé-kárisi Rureke, na kazi hiyo, aliyoihariri pamoja na Kahombo Mateene, ilichapishwa mwaka 1969. Ilichukua siku kumi na mbili. Rureke alisema, aliimba, aliigiza, alicheza, na wenziwe wakamsaidia kwa vijiti vya kugonga na kwa kuitikia. Wahariri nao walijitahidi kuonyesha katika kitabu ni wapi msimulizi anaingia katika wimbo. Kwa upande wa Tanzania, Mugyabuso Mulokozi aliwaendea wapiga nanga wa Bahaya, akauliza mwaka 1983 kama wao ni watendi wa kweli. Mpiga nanga ni mtu mmoja: yeye ndiye msimulizi, yeye ndiye okestra. Hutoka katika kusema akaingia katika kughani, akapanda hadi kuimba, akarudi, na nyuzi chini ya vidole vyake hazipumziki. Hapo hakuna ua kati ya majirani. Ni nyumba moja.

Nanga hupigwa kwa vidole, na sauti ya uzi uliodonolewa hufa mara moja. Uzi wa upinde haufi. Hudumu kadiri mkono udumuvyo, na huweza kupanda na kushuka pasipo kukatika. Tofauti hii ndogo ya ufundi ina maana kubwa kwa mtaalamu wa lugha, nami naomba kukaa nayo kidogo.

Fidla zetu za asili

Jina zeze latupotosha. Katika pwani limetumika kwa ala ya kijiti bapa yenye kudonolewa kwa vidole. Kwa Wagogo wa Tanzania ni ala ya upinde, ile aliyoipeleka duniani Hukwe Zawose, aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003. Wajaluo wana orutu, Wabukusu siilili, Waganda endingidi, Wakikuyu wandindi. Na hizi zote ni ndugu wa karibu: mzinga mdogo uliowambwa ngozi, mara nyingi ya kenge, kijiti kilichopenya, uzi mmoja, na upinde uliopakwa ulimbo. Mzinga huegemezwa tumboni au kiunoni. Nyuma ya uzi hapana ubao wa kuukandamizia kama ule wa fidla ya Ulaya. Kidole hugusa uzi ukiwa hewani. Kwa hiyo hakuna kituo kati ya sauti na sauti, na uzi huteleza kama sauti ya mtu iteletezavyo asemapo.

Usemaji ndio kiini cha jambo. Dholuo ni lugha ya toni. Lubukusu vivyo hivyo. Neno moja likitamkwa kwa sauti ya juu huwa hili, na kwa sauti ya chini huwa lile. Uzi utelezao waweza kuifuata toni ya neno, na msikilizaji mwenyeji akalisikia neno katika uzi kabla mdomo haujafunguka. Katika makala yake ya mwaka 1989 katika Mulika, juu ya tanzu za fasihi simulizi, Mulokozi aliitambua ngomezi kuwa utanzu unaojitegemea, yaani mazungumzo yapitishwayo katika ngoma. Nadhani alifungua mlango ambao hatukuupita. Tumeifundisha ngomezi kama habari ya ngoma na pembe za kutangazia vita na misiba, ilhali mwenye siilili hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya hadithi, tena kwa chombo chenye kuiga toni kwa wepesi kuliko ngoma.

Lakini Kiswahili hakina toni. Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu. Ikiwa nguvu ya uzi imo katika kuiga toni za maneno, mpiga siilili anaposimulia kwa Kiswahili, uzi una lugha gani?

Nilimtafuta yule kijana. Hakuwa na kinyongo, au kama alikuwa nacho alikificha kwa sababu ya mvi zangu chache. Nilimwomba anisimulie kisa cha Mango kwa Lubukusu, kisha kwa Kiswahili, nami nikarekodi. Kwa Lubukusu uzi ulikuwa pacha wa mdomo: ulitangulia maneno, uliyarudia, na mara mbili ulikamilisha sentensi ambayo mdomo uliiacha wazi. Kwa Kiswahili uzi uliyaacha maneno. Ukachukua vitu ambavyo havina maneno: giza, umbali, mwendo wa joka. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba Kiswahili hakimwachii uzi kitu cha kusema, kwa hiyo humpa kitu cha kufanya.

Nimewauliza wanaisimu wenzangu kama kuna aliyewahi kulitamka jambo hilo vizuri kuliko hivyo. Bado nangoja.

Wa pwani walifanyaje?

Waswahili nao, ambao lugha yao haina toni, wana fidla kwa zaidi ya karne. Ilikuja na taarab, pamoja na udi na kanuni, kutoka Misri. Yasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kati ya 1870 na 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze. Chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Watu hawa hawakuwa na toni za kuiga, wakapata ufumbuzi wao: katika taarab mwimbaji atamkapo mshororo, fidla huupokea na kuurudia pasipo maneno. Hadhira ina mshororo ule masikioni bado. Uzi unapopita juu ya sauti zile zile, kila msikilizaji hujitamkia maneno moyoni mwake. Uzi husema kwa kinywa cha hadhira.

Kwa wimbo wa mapenzi ufumbuzi huu ni utamu tu. Kwa wimbo wa kisa ni zaidi. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alikuwa na wimbo uliojulikana kwa jina la Kijiti. Unasimulia mauaji ya kweli ya mwanamke mgeni kisiwani Zanzibar, mwuaji aliyevuka bahari akatoroka, na mashahidi waliogeuziwa hatia mahakamani. Ni hadithi yenye wahusika, mahali na hukumu. Na ni hadithi ambayo watu wa hali ya chini hawakuweza kuisema wazi mbele ya mahakimu. Kila kibwagizo kinapopokewa na vyombo, hadhira hurudia kimoyomoyo jambo ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulitamka barazani. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya starehe na siasa za Zanzibar, ameieleza vizuri habari ya kesi hii na ya mashabiki wa Siti. Mimi naongeza tu kwamba tusipoihesabu pumziko ya vyombo kuwa sehemu ya usimulizi, tunaachia nje mahali ambapo hadhira yenyewe ilitoa ushahidi.

Basi tuna majibu matatu, na pengine yako mengine. Mpiga nanga huunganisha uzi na neno katika mwili mmoja. Taarab huupa uzi neno lililokwisha kusemwa. Na yule kijana wa siilili, akiwa kati ya lugha mbili, amegawanya kazi upya: neno lina kisa, uzi una mambo ambayo kisa hakiwezi kuyataja. Jibu hili la tatu ndilo linalokaribiana zaidi na koncheto ya kisasa yenye msimulizi, na pia ndilo jipya zaidi, kwani limezaliwa na Kiswahili cha shule. Sikutazamia kulisema hilo nilipoanza. Nilidhani nitaandika juu ya kitu kinachokufa.

Fomu

Serikali ya Kenya na walimu wake wamefanya kazi kubwa ya kuhifadhi sanaa kupitia mashindano ya shule, na wengi wetu tulipanda jukwaa kwa mara ya kwanza humo. Lakini mpangilio wake umegawa kiumbe kimoja vipande viwili. Masimulizi huhukumiwa katika tamasha la drama, mwezi wa Aprili. Fidla ya Ulaya, ala za asili, na hata ukariri wa mashairi huhukumiwa katika tamasha la muziki, mwezi wa Agosti, kila kimoja katika kundi lake. Mtoto mwenye siilili aweza kusimulia mwezi wa Aprili na kupiga mwezi wa Agosti. Mahali pa kufanya yote mawili kwa pamoja, kama babu yake, hapajulikani ni wapi. Na vyuo vikuu tumeuiga mgawanyo huo kwa uaminifu: fasihi simulizi iko katika idara yetu, muziki uko katika jengo jingine, na ng'ambo ya njia hakuna atukae akaingia.

Nimeanza kuandika nakala ya kisa cha Mango kwa safu mbili, upande wa kushoto neno, upande wa kulia uzi. Si kazi rahisi. Kwa safu ya kulia sina istilahi za kutosha; nimeazima kupanda, kushuka, kukatika, kuteleza, na kwa sauti ile ya joka akikaribia nimelazimika kuandika maelezo marefu ya kawaida. Kwa simulizi ya Lubukusu safu zote mbili zimejaa. Kwa ile ya Kiswahili kuna sehemu moja, katikati ya pango, ambapo safu ya neno ni tupu kwa takribani nusu ukurasa. Mwenzangu aliyeisoma rasimu aliizungushia kalamu nyekundu sehemu hiyo, akaandika pembeni: maneno yameanguka? Nimeirudisha kwake kama ilivyo, pamoja na kanda.